Uzi Uliotoka Mtego wa D5

Ramani yangu ya kwanza niliipenda sana. Niliichora kwa mkono kwenye karatasi ya miraba, mitego 49 ikiwa nukta, saba kwa saba, mita kumi kutoka mtego mmoja hadi mwingine. Kila panya niliyemnasa zaidi ya mara mbili nilimpa rangi yake, nikaunganisha kwa kalamu mitego aliyoingia mpaka ikatokea pembetatu au umbo la pande nne. Niliibandika ukutani pale tulipokuwa tukilala, nje kidogo ya mji wa Morogoro, mahali ambapo ukifungua dirisha asubuhi unaiona Milima ya Uluguru imevaa ukungu. Kila aliyeingia nilimwonyesha: huyu jike anakaa hapa, yule dume anazunguka pale, hawa wawili wamegawana kona hii.

Hiyo ilikuwa mwezi wa tano. Mwezi wa tisa niliibandua mwenyewe. Nilikuwa nimeelewa kwamba nilichokichora ni mitego yangu, na panya walikuwa wamepita humo kama wageni wanavyopita sebuleni. Vijana wanaoanza kazi hii siku hizi huniuliza nilijifunza nini uwandani, na kila mara najikuta narudi kwenye ile karatasi.

Mnyama mwenyewe ni panya shamba, yule wa kahawia iliyofifia, tumbo la kijivu, mkia unaokaribia urefu wa mwili. Wanasayansi humwita Mastomys natalensis. Mkubwa wake huwa na gramu 40 au 50 hivi. Jike ana chuchu nyingi ajabu, zinaweza kufika 24, na si jambo geni azae watoto kumi kwa mkupuo mmoja. Morogoro inajulikana duniani kwa panya mwingine, panya buku, wanaofundishwa hapa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, mwaka 2020 alipewa medali ya dhahabu na PDSA, shirika la hisani la Uingereza linalotibu wanyama, kwa kazi aliyoifanya Kambodia, na nilifurahi kama aliyefaulu ni ndugu yangu. Lakini mkulima wa mahindi anapotaja panya hamaanishi huyo. Anamaanisha huyu mdogo anayefukua mbegu usiku uleule zilipofukiwa.

Nilikuwa msaidizi wa uwandani. Jioni tulitega mitego ya Sherman, yale masanduku madogo ya bati yanayokunjika, chambo kikiwa siagi ya karanga iliyochanganywa na pumba za mahindi. Alfajiri tulipita kukagua. Mlango ukiwa umefunga unanyanyua mtego, unausikiliza uzito wake mkononi, unaufungulia ndani ya mfuko wa kitambaa. Unapima, unaangalia jinsia na kama anazaa, unasoma namba ya hereni ndogo ya bati sikioni au unamvisha mpya, kisha unamwachia palepale alipoingilia. Usiku tatu mfululizo kila mwezi. Mwaka mzima, shamba lilelile: upande mmoja mahindi, upande mwingine shamba lililolazwa lenye nyasi za kufika kiunoni, katikati yao tuta la mpaka.

Yale maumbo niliyoyachora ndiyo tuliyoyaita maeneo ya mizunguko, na kuna maana moja ya eneo la mizunguko ninayoitumia mpaka leo. Iliandikwa mwaka 1943 na William Henry Burt, Mmarekani: ni eneo ambalo mnyama hulizungukia katika shughuli zake za kawaida za kutafuta chakula, kupandana na kulea watoto. Burt alisema safari za mara moja moja nje ya hapo, pengine za kupeleleza tu, zisihesabiwe. Tena alilitenga eneo hilo na himaya, yaani ile sehemu ambayo mnyama huilinda na kuwafukuzia wenzake. Nilikuwa nimeyakariri hayo kabla sijashika panya hata mmoja. Ila sikuwa nimejiuliza mtego unajuaje safari ipi ni ya kawaida na ipi ni ya mara moja.

Mtego haujui. Panya akiingia saa mbili usiku, matembezi yake ya usiku huo yameishia hapo. Pengine alikuwa aende mita hamsini zaidi, pengine alikuwa anarudi nyumbani. Sisi tunaandika D5, yaani mtego wa tano wa safu ya D, na tunakwenda kunywa chai. Kwa usiku tatu, panya mwenye bidii kabisa anakupa nukta tatu. Na kila ukiongeza nukta umbo linapanuka, kwa hiyo panya aliyenaswa mara nane anaonekana ana eneo kubwa kuliko aliyenaswa mara tatu, hata kama wanatembea sawasawa. Wale wa safu ya mwisho ndio waliokuwa wakinidanganya zaidi, kwa kuwa nusu ya maisha yao ilikuwa nje ya gridi, yaani nje ya ule mpangilio wa mitego saba kwa saba, ambako sikuwa na mtego hata mmoja, na mimi nikawachorea vijipande vidogo nikaandika pembeni "hatembei mbali".

Na kuna harufu ya karanga. Mtego wenye chambo haukai kimya ukimsubiri mnyama apite. Unamwita. Baadhi yao huuzoea kiasi kwamba unawakuta humohumo kila asubuhi, wamenenepa, hawana hata wasiwasi. Wengine wakishaingia mara moja hutawaona tena.

Haya yote niliyaona pole pole, nikiwa bado naipenda ramani yangu. Kilichonifanya niiangalie kwa jicho jingine ni asubuhi moja ya mwezi wa nane.

Gari tulilokuwa tukilitegemea halikuja. Tulisubiri mpaka saa moja na nusu, tukaamua kwenda kwa miguu, tukafika shambani saa nne kasoro. Ni kiangazi, mahindi yameshavunwa, hakuna kivuli, na mitego ile ni bati tupu. Niliinyanyua D3 ikaniunguza vidole. Ndani panya alikuwa amelala ubavu, manyoya ya kifuani na shingoni yamelowa kabisa. Sikuelewa maji yametoka wapi, kwani mvua haikunyesha kwa wiki nyingi. Baadaye ndipo nikafahamishwa kwamba panya akizidiwa na joto hujipaka mate mwilini ili apoe. Alikuwa amejipaka mpaka mate yakamwishia.

Tulipoteza sita siku ile. Wa mwisho alikuwa jike wa E2, chuchu zimetokeza na manyoya kuzizunguka yamelika, alama ya mama anayenyonyesha. Nilimweka kwenye kiganja. Mahali fulani, pengine hatua ishirini kutoka nilipokuwa nimepiga magoti, palikuwa na watoto vipofu wasio na manyoya wanaomsubiri. Nilikuwa na umbo lake ukutani, la rangi ya machungwa, mistari minne safi. Na sikuweza kusema tundu lake liko wapi.

Kuanzia wiki ile tulibadilisha utaratibu. Mitego ikawa inakaguliwa usiku pia, saa tatu na saa sita, na kabla jua halijatoka yote imefungwa. Kila mtego tulitandikia nyasi kavu ndani na kuufunika kwa mabua juu. Jike anayenyonyesha anaachiwa kwanza, kabla ya kupima mwingine yeyote. Ninayasema haya kwa mkazo kwa anayetaka kuanza kutega: kama huna hakika ya usafiri wako wa alfajiri, usitege. Chukua zana zako ulale kando ya shamba.

Jambo la pili tulilobadilisha ni uzi. Kuna bobini ndogo za uzi mwembamba, za gramu mbili hivi, zinazojifungua kutokea ndani, kwa hiyo mnyama haburuti kitu. Uzi unabaki chini nyuma yake kila anapopita. Kanuni inayofuatwa kwa wanyama wadogo ni kwamba chochote unachombebesha kisizidi asilimia 5 ya uzito wake, maana yake panya wa gramu 40 ndiye wa chini kabisa kwa mzigo huo. Bobini inagandishwa kwa tone la gundi kwenye manyoya ya mgongoni, na baada ya muda hung'oka yenyewe na manyoya hayo. Kola za redio zipo, na kwa mnyama mkubwa kidogo ningezichagua, lakini redio inakuambia yuko wapi sasa hivi. Uzi unakuambia amepitaje.

Wa kwanza tuliyempata mwenye uzito wa kutosha na maziwa alikuwa jike wa namba 62. Ramani yangu ilimjua vizuri: D5, D6, E6, tena D5. Tulimwachia D5 bado giza, ncha ya uzi nikiwa nimeifunga kwenye kijiti cha mtego. Alitulia sekunde chache, masharubu yakicheza, kisha akatoweka. Tulingoja kupambazuke.

Nilitarajia uzi uende E6. Ulipita chini ya mabua yaliyolala kwa urefu wa mkono, ukafika kwenye kipara cha udongo mtupu kilichokuwa katikati ya D5 na E6, ukasimama hapo. Palikuwa na kitanzi kidogo cha uzi, kana kwamba alizunguka mara moja akipima. Halafu ukageuka nyuma. Haukukivuka kile kipara. Uliambaa pembeni mwa mabua hadi kwenye tuta la mpaka, ukaingia chini ya nyasi na kufuata shina kwa shina upande wa kivuli. Nilitambaa kwa magoti nikiufuata, umande ukinilowesha mikono ya shati. Ulipita chini ya gogo, ukatokea upande wa pili, ukarudi nyuma hatua tatu, ukaingia tena chini ya gogo lilelile. Huko ndani kulikuwa na maganda ya mbegu za nyasi, mapya. Kwa hiyo hata akikimbilia kwa watoto alikuwa na sehemu yake ya kusimama akala. Mbele uzi uliiacha gridi yangu kabisa, mita tisa nje ya mtego wa mwisho, ukapanda kidogo ubavu wa kichuguu cha zamani na kuzama kwenye ufa usiozidi upana wa vidole viwili.

Nilikata uzi mlangoni ili usije ukawazonga watoto. Nikalala kifudifudi pale kwa muda. Sikusikia kitu, na sikuchimba.

Umbo lake kwenye ramani lilikuwa limefunika kile kipara alichokiogopa, na lilikuwa limeiacha nje nyumba yake.

Nilipoinua kichwa, mama mwenye shamba la jirani alikuwa amesimama na jembe begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umemfunga panya uzi?"

Nikamweleza. Hakucheka, na hakuniona mtu wa ajabu. Aliuangalia uzi kutoka kwenye kichuguu hadi kwenye tuta, akatikisa kichwa kukubali. "Panya hapendi peupe," alisema. "Ukitaka njia yake tafuta nyasi zilizolala." Akainama, akapenua nyasi za tuta kwa mpini wa jembe, na chini yake kulikuwa na kijia laini, kipana kama mkono wa mtoto, kimepigwa na miguu mpaka udongo unang'aa. Kijia hicho kilipita mita moja tu kutoka mitego yangu ya safu ya D. Nilikuwa nimekiruka kila asubuhi kwa miezi minne.

Nilijifunza kwake mengi kuliko ninavyoweza kuyaeleza hapa, na nasema hivyo nikijua uzito wake. Alijua ni tuta gani lina panya na lipi halina, kwa kuangalia vinyesi na mashina yaliyotafunwa kwa mshazari. Alijua kwamba mvua za vuli zikiwa nzito, mwaka unaofuata ujiandae. Hilo watafiti wa Morogoro wamelifuatilia kwa miaka mingi: kwa kawaida panya hawa huanza kuzaa baada ya masika kukolea, lakini vuli ikinyesha vizuri nyasi huota na kutoa mbegu mapema, uzazi unaanza mapema, na idadi iliyokuwa wachache kwa hekta inaweza kupanda hadi mamia. Yeye alilisema kwa namna nyingine: "Mvua ya vuli inawapikia."

Uzi nao una upungufu wake, na ni lazima niseme. Panya aliyetoka mikononi mwa binadamu anakimbilia usalama. Njia unayoiona ni ya mtu anayekimbia. Ndiyo maana kwa matembezi ya kula tulitumia unga unaong'aa. Unamtia panya kwenye mfuko wenye unga kidogo wa rangi, unamwachia mwanzoni mwa usiku, na usiku unaofuata unarudi na taa ya urujuanimno, ile inayoufanya unga huo ung'ae gizani. Mwanzo wa njia ni mng'aro mkubwa, ule wa kukimbia, huo hatukuuhesabu. Ukienda mbele unakuta vidoa: nyayo kwenye jani lililokauka, mstari wa mkia, mpapaso wa ubavu kwenye bua, yote chini ya kimo cha goti. Pale alipokaa kula kunang'aa kama palipomwagika kitu. Baada ya makumi machache ya mita unga unamwishia na huna tena la kufuata, kwa hiyo njia hii haikupi mzunguko wote. Inakupa kipande chake, lakini kipande cha kweli.

Usiku wa giza, njia za rangi ziliingia shambani, zikakata mistari ya mabua, zikafika hata katikati. Usiku wa mwezi mpevu zilijibana kwenye tuta na kwenye nyasi, na mitego ya katikati ya shamba ilikaa wazi mpaka asubuhi. Panya ni walewale, wiki mbili tu zimepita. Kama ningetega usiku wa mbalamwezi peke yake ningeandika kwamba shamba la mahindi hawalitumii. Kama ningetega gizani tu, ningeandika kwamba hawana ubaguzi. Tangu hapo sijawahi kuandika ukubwa wa eneo la panya bila kuandika pia mwezi ulikuwaje, na msimu gani, na nyasi zilikuwa na kimo gani.

Kilichonigusa zaidi ni rangi mbili. Tulikuwa tumemtia jike mmoja unga wa waridi na mwingine wa kijani, kwa kuwa kwenye ramani maumbo yao yaligusana tu pembeni na nilitaka kuona mpaka wao uko wapi. Njia zao zilitoka pande tofauti, zikakutana kwenye kijia cha tuta, zikaenda pamoja hadi kwenye tundu moja. Mdomoni mwa tundu lile rangi zilikuwa zimechanganyika. Nilikuwa nimewachorea mpaka, nao wanapita mlango mmoja. Panya shamba hawaonekani kulindiana himaya kwa nguvu. Wakiongezeka, maeneo yao yanalaliana zaidi na zaidi. Na hili lina maana kwetu pia, kwa sababu wanapokutana ndipo wanapoambukizana. Panya hawa wa Morogoro wana kirusi chao kilichopewa jina la mji huu, ambacho hakijulikani kumdhuru binadamu, lakini ni ndugu wa kirusi cha Lassa ambacho huko Afrika Magharibi hubebwa na panya wa aina hiihii na huua watu. Anayetaka kujua ugonjwa unavyosafiri shambani hana budi kwanza ajue nani anapita mlango wa nani. Glavu tulivaa kila siku, hata joto liwe vipi.

Kulikuwa na dume, namba 17, niliyempenda kwa ukubwa wake. Alinaswa miezi mitatu, halafu kimya. Kwenye daftari niliandika "amehama". Tulikuwa na desturi hiyo: asiyeonekana mara mbili mfululizo, amehama. Siku moja nikapumzika chini ya mti uliokuwa peke yake upande wa mashamba ya mkonge, nikaona vidonge vyeusi vya bundi, vile anavyovitema baada ya kumeza windo zima. Nilikipasua kimoja kwa kijiti kwa kutaka tu kujua anakula nini. Fuvu dogo, meno ya mbele ya rangi ya chungwa, manyoya yaliyoshikana, na kipande cha bati kilichopinda. Nilikifuta kwa mate. 17.

Nilirudi kwenye daftari nikafuta neno hilo kwa kila panya niliyekuwa nimemwandikia, nikaandika "hajaonekana". Wengi wao huishi miezi michache tu. Tofauti ya aliyehama na aliyekufa ni kubwa mno kwa anayehesabu viumbe, na mimi nilikuwa nikiijaza kwa kubahatisha.

Masika ya mwaka uliofuata yule mama aliniita niangalie mahindi yake. Alikuwa amelimisha kwa trekta, shamba lote limegeuzwa, na kando yake ni lile lililolazwa. Mistari mitatu ya kwanza upande wa nyasi ilikuwa imefukuliwa karibu yote: vishimo vidogo vya pembe tatu, kila kimoja mahali pake penye mbegu, maganda yameachwa juu. Kwenda ndani zaidi vishimo vikapungua, katikati hakuna. Mkulima mwingine, ng'ambo ya mfereji, alikuwa amefyeka na kuchoma, vishamba vidogo vidogo vyenye vichaka katikati, na kwake mashimo yalikuwa kila mahali. Kwake hapakuwa na sehemu iliyokuwa mbali na maficho.

Huyo jirani alikuwa ameweka sumu, ila ameimwaga katikati ya shamba, baada ya mbegu kuliwa. Panya kadhaa walikufa. Katika wiki chache mitego yetu ya upande ule ilianza kunasa wasio na hereni, wageni, wakiwa wametulia kwenye vijia vya waliokufa. Eneo likiachwa wazi, chakula kipo na maficho yapo, halikai bila mwenyewe. Kwa mtazamo wangu sumu ya namna hiyo inawaumiza bundi na nguchiro bure, na kwa mkulima ni hela iliyofukiwa pamoja na mbegu.

Tulikaa naye, yule mama, chini ya mwembe wake, nikamwonyesha ramani mpya. Hii haikuwa na pembetatu. Ilikuwa na mikanda: mkanda mnene kufuata tuta, vidole vyembamba vikiingia shambani, doa zito kwenye kichuguu, jingine kwenye gogo, na maeneo meupe ambayo hakuna uzi wala unga uliopita. Aliishika kwa mikono miwili, akaigeuza mpaka Uluguru ikawa upande wake sahihi. Akatafuta shamba lake kwa kidole. Mwaka ule aliamua kufyeka lile tuta kabla ya kupanda tena, yeye na jirani yake wa juu kwa siku moja, na kutega upande wa nyasi tu. Aliniambia baadaye alirudishia mbegu mistari miwili. Mwaka mmoja si ushahidi, na tuliambizana hivyo.

Lakini siku ile chini ya mwembe kidole chake hakikuishia kwenye shamba lake. Kilishuka kusini, kwenye kona nyeupe ya ramani.

"Na huku kwenye majaruba ya zamani ya mpunga, hamjafika?"

"Hatujafika mama. Huko si panalowa maji?"

"Yalikauka tangu mwaka jana. Twende nikuonyeshe."

Jioni ile tulibeba mitego kumi, tukafuata kingo za majaruba, yeye akiwa mbele akipenua nyasi kwa mpini wa jembe na mimi nikitega pale alipoashiria. Nilipopita saa tatu usiku na tochi, saba ilikuwa imeshafunga. Katika mtego wa nne alikuwamo jike mwenye hereni ya namba 62, umbali wa mita mia mbili kutoka kwenye kichuguu chake.